Mashini inazimika katikati ya San Andreas, ninunue karte grafike ao kuko kitu kingine?

mwana_katindo, Goma

Jambo bandugu. Mbele nitoe dola 80 yangu naomba wale banajua banisikilize kwanza, juu nikishaitoa haitarudi.

Niko na Dell OptiPlex 7010, ile ndogo ya kulala ya maofisi, niliikamata ya okazio kule Birere mwaka jana. Ndani kuko i5-3470, rami 4 GB bareti moja tu, diske ya 500 GB ile ya zamani ya kuzunguka, Windows 10. Karte grafike (ile ya kuchora picha ku ekrani) hakuna, inatumia Intel HD 2500 iko ndani ya prosesa. Siko mutu wa magemu mapya, zile za GB mia moja hata kuzitelesharje siwezi, forfe ingeisha mbele ya asilimia tano. Nataka zangu za zamani, zile tulikuwa tunachezaka ku sibere tunalipa kwa dakika na mwenye sibere anasimama nyuma yako na saa: San Andreas, Most Wanted ya 2005, Virtua Cop 2, Age of Empires II. Mtoto wangu ana miaka tisa, nilimwambia utaona namna baba yako alikuwa anapoteza franga ya mkate, sasa yeye njo ananicheka, kila magaribi baba anapigana na mashini.

Mambo yenyewe ni hivi. San Andreas inaanza vizuri, inaenda dakika 20 hivi kisha inaanza kukokota, vantilatere inapiga kelele mpaka mama watoto anauliza kama ni jenereta ya jirani, na siku zingine inazima. Lakini kuko kuzima kwingine, kati ya saa moja na saa tatu ya usiku, inakatika tu pa! bila kelele, hata kama siko nacheza, juzi nilikuwa nachapa barua. Kisha inajiwasha yenyewe. Tena kila asubui inaniomba F1 na tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Ndani ya San Andreas suri (kipanya) inakataa kugeuza, CJ anatembea lakini haangalie kando, kama mutu shingo inamuuma. Most Wanted, CD yangu ya kweli kabisa si ya kukopia, nabonyeza, inafikiri kidogo, kimya, hata neno la makosa haiandike. Na Virtua Cop 2 njo vituko, inakimbia mbio, majambazi banatoka na kunipiga mbele sijainua hata suri.

Teknisie mmoja alipita, akaiangalia dakika mbili bila kuifungua, akasema ni karte grafike, lete dola 80. Nimpe?

fundi_ibanda, Bukavu

Peti, usimpe kwanza. Mutu anataja ugonjwa na hajafungua hata visi moja, huyo iko na karte ya kuuzisha, njo maana.

Angalia. San Andreas ya ordinatere ilitoka 2005, ku karton yake walikuwa wanaomba rami 256 MB na karte ya 64 MB. Prosesa yako ni ya 2012, kore nne za 3.2 GHz. Hiyo HD 2500 batu wanaicheka na mimi naichekaka, lakini kwa gemu ya 2005 inatosha. Kama karte njo inashindwa ingekokota tangu dakika ya kwanza, haiwezi kungoja dakika 20 kisha ikumbuke kama ni dhaifu. Kitu kinaanza poa kisha kinalegea polepole na vantilatere inalia, hiyo ni joto.

Weka Core Temp, ni kaprogramu kadogo ka bure ka kupima joto ya prosesa, iache wazi, cheza, kisha toka uangalie namba ya juu imefika ngapi. Kwa i5 yako ukiona inakaribia 100, prosesa inajipunguza mwendo yenyewe ijiokoe, na ikizidi inazima kila kitu. Tulete namba mbele ya kufanya chochote.

Na hata mbele ya namba mimi najua kuko nini ndani, juu Goma yenu iko na vumbi nyeusi ya lava, si kama udongo wetu wa huku. Tangu Nyiragongo ipite katikati ya mji 2002 munatembea juu yake, munajengea nayo, munaipumua, na mashini nayo inaipumua kutwa nzima. Nimeshafungua mashini zimetoka huko, katikati ya radiatere (kile chuma kinapoza prosesa) na vantilatere unakuta kitu kama blanketi.

Kusafisha: iwashe kwanza dakika kumi ili pate ya zamani, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na radiatere, ilainike, kisha zima, toa kamba ya umeme, bonyeza boto ya kuwasha sekonde kadhaa imalize ile imebaki ndani. Fungua. Usipulize na mdomo, mate inaingia. Yule kijana wa kompresere ya tairi anaweza kukusaidia lakini amwage kwanza upepo chini kidogo juu ndani ya tanki kunakuwaka maji, asikaribie sana, na wewe shika vantilatere na kidole isizunguke, upepo ule unaizungusha mbio kuliko imetengenezewa na inakufa. Kama humwamini, burashi mpya ya rangi, laini, inafanya kazi, inakula tu saa. Kisha toa radiatere ukiizungusha kidogo, usiivute kwa nguvu, pangusa pate ya zamani na alkoli ya farmasi, weka mpya kiasi cha punje mbili za mchele katikati, urudishe. Usiipake kama siagi. Na tafazali si dawa ya meno, najua kuko batu huko nje bado banafundisha hiyo ya dawa ya meno, siku mbili tatu inakauka na unarudi palepale.

Ile ya F1 isikusumbue. Ni pili ya duara ndani, CR2032, ndogo kama franga ya chuma. Imekufa, na kwa sababu umeme unakatika ao unatoa kamba usiku, mashini inasahau saa. Uibadirishe leo, juu tarehe ikikosea hata masaiti yanakataa kufunguka, unalaumu rezo bure.

chris_majengo, Goma

Mimi ningeuzisha hiyo chuma ninunue laptop ya gemu, tusidanganyane. Windows 10 yenyewe Microsoft waliiacha tarehe 14 Oktoba 2025 na hiyo prosesa haiko ku liste ya Windows 11. Munamupotezea saa.

mwana_katindo, Goma

@chris_majengo laptop ya gemu kwa kucheza Virtua Cop? Nitamwambia mama watoto nini?

@fundi_ibanda aksanti mukubwa, leo usiku napima.

mama_sibere, Goma

Mumenichekesha na hiyo ya kusimama nyuma na saa, huyo mutu na saa nilikuwa mimi 😂 Nilikuwaka na sibere Katindo, mashini tisa, na hayo magemu yako yote nimeyafufua zaidi ya mara mia, basi wacha mimi nijibu upande wa magemu, chuma nawaachia bababa.

Suri ya San Andreas: nenda ndani ya Documents, fungua GTA San Andreas User Files, futa faili moja inaitwa gta_sa.set. Hiyo tu! Zile zinaanza na GTASAsf usiziguse, hizo njo mahali umefika, nilishaona mutu mzima akitokwa na machozi juu ya hizo faili. Utapoteza tu mipango ya ekrani na klavye, unairudisha. Kama suri bado inakataa tafuta SilentPatch ya San Andreas, ni ndogo haikule mega, unaweka faili zake kando ya gta_sa.exe, ile faili ya kuanzisha gemu, inatengeneza suri na makosa mengine mengi ya zamani. Na ndani ya mipango ya gemu ile Frame Limiter iache iwake. Batu wanaizima wanasema wanataka gemu ilainike, kisha wanashangaa CJ anaogelea kama maji ni uji. Gemu hiyo mahesabu yake imefungwa ku picha kwa sekonde, ukiiachia kamba inachanganyikiwa.

Most Wanted: CD yako haijafa. CD nyingi za miaka ile zilikuwa na kufuli inaitwa SafeDisc, na kufuli hiyo ilikuwa inategemea draiva moja ya ndani ya Windows, secdrv.sys. Microsoft wakaona hiyo draiva ni mlango wa wezi. Windows 10 ikatoka 2015 haiitumikishe, na mwezi wa 9 mwaka ule ule wakaifunga hata kwa Windows 7 na 8 na apdeti yao MS15-097. Njo maana inanyamaza hivyo, gemu inagonga mlango na hakuna mutu ndani. Mimi nilijua kwa njia ngumu, nilipandisha mashini tatu ku Windows 10 siku ya Ijumaa, Jumamosi watoto wakafika na franga mukononi, hakuna CD hata moja inafunguka. Nilirudisha franga, na watoto wawili wakaenda kwa mwenye sibere wa ngambo ya barabara na hawakurudi tena.

Dawa yake kwangu ilikuwa mashini ya zamani, Pentium 4 na Windows XP, zile batu wanawekeaka nguo juu. Haina intaneti, haina kitu, inafungua CD tu. Ukipata moja ya bei ya chini ao ya bure kwa mjomba uiokote, na usisahau kuiacha bila rezo juu XP mlinzi wake alishatoka zamani, 2014. Kufuata kila exe unapewa ku flashi ndiyo sitakushauri, pale njo virusi zote za sibere yangu zilikuwa zinaingilia.

Virtua Cop 2 ni ya wakati prosesa ilikuwa polepole, sasa inakimbia na prosesa yako. Tafuta dgVoodoo2, kaprogramu ka kusaidia magemu ya zamani yachore vizuri ku Windows mpya, ndani ya folda MS kisha x86 unachukua DDraw.dll na D3DImm.dll unaziweka kando ya exe ya gemu, unafungua kaprogramu kake ka mipango, kuko mahali pa kufunga picha kwa sekonde, weka 30 ao 60 uone ipi inafanana na ile unakumbuka. Age of Empires II nayo ukiona majani yamekuwa ya zambarau na maji mekundu, usiseme ekrani imekufa, ni ugonjwa wa rangi wa DirectDraw, njia ya zamani ya Windows ya kuchora, dgVoodoo hiyohiyo inaiponyesha. Na kama unataka kucheza na mtoto kwa mashini mbili, Windows 10 inafichaka DirectPlay, ile ya kuunganisha magemu ya zamani ku rezo, unaiwasha ku Turn Windows features, ndani ya Legacy Components.

Kingine mbele nisahau: siku gemu inasema haione d3dx9 na namba nyuma, usiende kutelesharje hiyo faili moja moja ku masaiti ya ovyo. Chukua paketi ya DirectX (faili za Windows za magemu) ya Juni 2010 ya Microsoft yenyewe, ni kama MB 95, unaiweka ku flashi na unaitumia maisha yako yote. Kuwa na DirectX 12 hakukusaidie hapo, hizo faili za zamani haziko ndani yake.

bel_air_243, Lubumbashi

Bandugu ba Kivu jambo yenu. Beko banakuambia ya joto na beko na haki, lakini mumepita juu ya ile ya magaribi kama haiko. Joto haijue saa. Kama mashini inakatika paka saa moja mpaka saa tatu, hata ukiandika barua, na inajiwasha yenyewe, ile iko umeme. Saa ile njo kila lupango banapika.

Mi nakuuliza: uko na stabilizatere, ile ya kusawazisha umeme? Inapigaka tak tak?

Na usidanganyike na ile Event Viewer, daftari ya Windows ya matukio, utaona Kernel-Power 41 na utasema umepata mwizi. Ile 41 inasema tu "nilizimika bila kuaga", haiseme nani alizima. Inatokea kwa joto, inatokea kwa umeme, yote sawa.

mwana_katindo, Goma

@bel_air_243 weee umejuaje?? Iko, ile ya kichina na mushale. Tak tak inapiga usiku nzima nimeshaizoea hata siisikie. Nimeenda kuangalia sasa, ni saa mbili kasoro, mushale wa kuingia uko kati ya volti 150 na 160.

Na @fundi_ibanda namba ni 99. Nilikuwa nimeendesha gari toka Grove Street tu sijafika hata San Fierro.

bel_air_243, Lubumbashi

Basi njo hiyo. Sasa sikia kintu batu benyi hawajue. Angalia nyuma ya alimantasio (boksi inalisha mashini umeme) ya ile Dell, soma lebeli. Kama imeandikwa 100-240V, mashini yenyewe 150 haiione kama shida, inakula tu. Ile inakukatia ni stabilizatere! Kila mara ile tak ni anabadirisha njia ndani, na umeme ukishuka chini ya kipimo chake anafunga kabisa, kisha ukipanda anafungua tena, na mashini inawaka yenyewe kwa sababu ku BIOS, mipango ya ndani ya mashini mbele ya Windows, iko mupango wa kurudi baada ya umeme kupotea. Mulinzi njo anakuibia.

Lakini usikimbie kuitupa bule, huku kwetu delestaje (umeme kukatwa kwa zamu) ikiisha umeme unarudi na ngumi, frigo na televizio zimekufa mingi. Mi nilifanya hivi: nilinunua ondilere ndogo ya okazio, ile boksi ya batri inashika mashini umeme ukikatika, nikaitia batri mupya, juu ya batri ya okazio ni uongo mutupu, nikaweka mashini na ekrani tu pale. Si radio, si chaji ya telefone ya jirani. Ikikatika inalia, unapata dakika kadhaa za kusevu na kuzima. Na umeme ukirudi ngoja kidogo mbele ya kuchomeka tena.

fundi_ibanda, Bukavu

@bel_air_243 hiyo ya stabilizatere nakupa heshima, mimi ningemubadirishia alimantasio nzima bure.

Mwana Katindo, 99 ni ile nilisema. Safisha.

mwana_katindo, Goma

Narudi na habari, ni siku nne.

Nilifungua. Mukubwa ulisema blanketi, mimi nilikuta godoro. Mtoto njo alishika vantilatere na kidole na kijana wa tairi akapuliza, tulitoka wote watatu weusi. Pate ya zamani ilikuwa kavu kama simenti. Nimepaka mpya, nimebadirisha pili, F1 imeisha. Nimecheza saa moja na nusu, namba ya juu 67. Kelele hakuna, mama watoto aliuliza kama imekufa.

Suri imetii baada ya kufuta ile set, SilentPatch nimeiweka vilevile. Virtua Cop ku 30 iko vile ilikuwa, na bado ananipiga yule wa nyuma ya gari la kwanza. Lebeli ya nyuma imeandikwa 100-240V kweli. Ondilere nimepata dola 25 bila batri, batri mpya 18. Juzi magaribi ilikatika mara tatu, sikupoteza kitu.

Most Wanted bado, natafuta Pentium 4, shangazi iko na moja lakini amewekea juu yake televizio.

Sasa nimebakiza dola 37 katika zile 80. Niiweke wapi? Na mtoto ameshaona GTA IV kwa jirani, hanipe amani.

fundi_ibanda, Bukavu

Kwanza rami. HD 2500 haina rami yake, inakopa ya mashini, na bareti moja ni barabara ya mutu mmoja. Ukiweka 4 GB ingine ya pili, ziwe sawa, mu nafasi mbili za rangi moja, unapata barabara mbili na magemu yote yanapumua. Iwe DDR3 ya mashini ya meza, ile ndefu, si ya laptop. Angalia usipewe zile za bei chini sana zinafanyaka kazi ku mashini za AMD tu, batu wanaziuzisha bila kusema na kwa Intel yako haitawaka hata kidogo. Sema na muuzaji ujaribu palepale mbele ya kulipa.

Pili SSD, ile diske haizunguke, hata ya 240 GB. Haitaongeza picha kwa sekonde, usidanganywe, lakini kuwasha itakuwa ni kufumba jicho, na ile diske ya kuzunguka haipende kukatiwa umeme ghafla, na yako imekatiwa mwaka nzima. Kopia vitu vyako mapema.

Usiweke Windows ya 32 biti kama kuko mutu anakuambia ni nzuri kwa magemu ya zamani. Kweli zile instalere za biti 16 za miaka ya 90 hazifunguke ku 64 biti, lakini 32 biti haitaona rami kupita 4 GB, utakuwa umenunua bareti ya kupamba.

GTA IV sasa hiyo ni mambo ingine. Ni ya 2008 na hata mashini kubwa za wakati ule iliziliza. Hapo njo HD 2500 inanyoosha mikono, na hapo njo nitakubali neno karte. Yako ni ndogo, alimantasio ya wati 240, haina kamba ya kulisha karte, basi chukua tu zile zinakula kutoka ku bodi, chini ya wati 75, na ziwe fupi. GT 1030 inakula wati 30, inafaa. Lakini kuko GT 1030 mbili na jina moja: moja na rami ya GDDR5, ingine na rami ya DDR4, na hiyo ya DDR4 iko polepole sana kuliko mwenzake. Soma karton, soma stika, usisome mdomo wa muuzaji.

chris_majengo, Goma

Sawa, nimeshindwa. Lakini mimi niko na GT 1030 ndani ya droo tangu ninunue laptop. GDDR5, imeandikwa nimeangalia. Dola 35 na sitaki maneno.

mwana_katindo, Goma

Ahaa, njo ulikuwa unataka ninunue laptop ili tufanane! Dola 30 na nakuja kuichukua leo, na rami nitangoja mwisho wa mwezi.

fundi_ibanda, Bukavu

Mbele ya kuenda, @chris_majengo ule ubati wa nyuma wa karte ni mrefu ao mfupi? Mashini yake inakubali paka mfupi, na mara nyingi ule mfupi unabakiaka ndani ya karton.

chris_majengo, Goma

Ni mrefu. Karton nilitupa.

mama_sibere, Goma

Niko na vibati vifupi vitatu ku kopo ya biskuti. Pita Katindo, baba watoto, na uje na yule mtoto nimuone.